Nyama ya Burma, Nyama ya Shosh

Mizani ya bucha ilijua kabla yetu.

Kila Jumamosi asubuhi Shosh alikuwa anatembea kutoka Shauri Moyo hadi Burma kununua nyama. Nusu kilo ya ng'ombe, yenye mafuta kidogo, na kipande cha mfupa cha kuongezewa, ambacho alikuwa anakidai kama haki yake ya kikatiba. Alianza hiyo safari kabla mamangu azaliwe. Mkono wa kukata nyama ulibadilika kutoka kwa baba ukaenda kwa mwana, bei ikapanda hadi ikaacha kuchekesha, lakini nusu kilo ilibaki nusu kilo.

Mwaka juzi mwenye bucha aliniona nikipita akaniita kwa sauti, kisu mkononi. "Wewe wa Shosho! Kuja hapa. Shosho yako alituacha?"

Nikamwambia yuko, ni vile tu amechoka.

"Alikuwa anachukua nusu. Akashuka robo. Sasa ni wiki 5 sijamuona. Kama ni ile deni, mwambie sina haraka nayo."

Nilicheka, nikalipa deni, nikaenda. Ni baadaye, nikiwa kwa matatu, ndiyo nilianza kuhesabu. Nusu, robo, sufuri. Sisi tunaoishi naye nyumba moja hatukuwa tumeona. Tulikuwa tunaona sahani ikirudi jikoni na chakula nusu, na tunasema kile kila mtu husema: ni uzee. Wazee hawali sana. Mwache apumzike.

Hii makala ilianza kama ya historia ya jina la Burma. Nilikuwa nimeahidi mhariri maneno 2,000 kuhusu wanajeshi na soko. Shosh aliingilia, kama kawaida yake, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba hizo ni hadithi mbili zenye mizani moja.

Tuanze na vita basi.

Kama umelelewa Eastlands unajua Burma kama mahali pa nyama. Ukishuka Jogoo Road, karibu na City Stadium, harufu inakufikia kabla ya kondakta kuita. Lakini Burma ni nchi, iko Asia, siku hizi inaitwa Myanmar, na wazee wa mtaa watakwambia jina lilikuja na wanajeshi waliorudi kutoka huko. Mnamo 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliingia Burma kupigana na Wajapani. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika za huko, bonde lenye malaria kiasi kwamba askari waliliita bonde la mauti. Barabara ziligeuka tope, na chakula kikawa kinaangushwa na ndege kwa miavuli. Desemba mwaka huo walifika mto Chindwin, pale Kalewa. Wengine hawakufika hata vitani: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliorudi walirudi Nairobi ya kipande na vibanda. Waruhiu Itote, yule tunayemjua kama Jenerali China, alikuwa mmoja wa waliopigana Burma, na kitabuni mwake alieleza jinsi safari hiyo ilivyomfungua macho. Mimi hapa nafikiria wale ambao hawakuwa majenerali: waliopewa kishukrani kidogo cha pesa, wakavua yunifomu, wakatafuta kibarua. Babake Shosh alikuwa mmoja. Alirudi na koti la jeshi na mazoea ya kula nyama kila siku, na hayo mazoea ndiyo yaliyomsumbua zaidi, kwa sababu jeshini posho ilikuja na nyama na maharagwe, na uraiani ilikuja peke yake.

Hapo ndipo historia inapoanza kunuka jikoni.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na hamu kubwa na mwili wa Mwafrika, hamu ya aina moja tu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, watafiti wawili, Mskoti John Boyd Orr na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu ya koloni la Kenya, walilinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Ripoti yao ilitoka 1931. Wamaasai walikula nyama, maziwa na damu. Wakikuyu walikula nafaka, viazi, ndizi na maharagwe. Ripoti ikasema mwanamume wa Kimaasai alikuwa mrefu kwa inchi 5 zaidi, mzito kwa ratili 23 zaidi, yaani zaidi ya kilo 10, na nguvu za misuli yake zilikuwa zaidi kwa asilimia 50. Walipimaje nguvu? Kwa dainamomita, kile kidude unachobana kwa mkono na sindano inasonga.

Tafadhali kumbuka hicho kidude, kitarudi.

Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia ripoti hiyo mwaka 1997 na kuonyesha vile wapimaji waliona walichotaka kuona, wakalaumu chakula na kuacha mambo mengine mengi. Mimi naongeza langu: swali lao lilikuwa la kazi. Huyu anaweza kubeba gunia au hawezi? Orr mwenyewe alienda mbali, akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa na akapata Tuzo ya Amani ya Nobel 1949, na sitaki kumchafulia jina. Lakini katika zile kurasa, mwili unapimwa ukiwa kijana, ukiwa na faida. Sijaona popote serikali hiyo ikimrudia yule yule mtu akiwa na miaka 75 kumuuliza, mkono unabana vipi sasa?

Mji wenyewe ulijengwa hivyo. Angalia mitaa tunayoishi. Shauri Moyo ilipokea watu waliobomolewa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Mitaa mingi ya Eastlands ilianza kama vyumba vya vibarua wanaume, kitanda kando ya kitanda, mke na watoto wakibaki kijijini. Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri waziwazi kwamba mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa umepigiwa hesabu ya mtu mmoja asiye na familia, na kwamba hata huyo mmoja haukuwa unamtosha. Na mzee je? Mzee hakuwa kwenye hesabu. Ukizeeka unarudi ulikotoka, shamba litakulisha. Nairobi ilikuwa mahali pa kutumia misuli. Ikiisha unapanda basi.

Shosh hakupanda basi. Shags yao ilishagawanywa na wajomba, na yeye husema kule hajui hata jirani anaitwaje. Amezeekea hapa, orofa ya 2, ngazi 22. Najua ni 22 kwa sababu nilizihesabu nikimbeba.

Sasa nieleze vile alifika hapo.

Alipata nimonia. Alilazwa siku 9 katika hospitali ambayo sitaitaja, na walimtibu nimonia ikapona, hilo nawapa. Lakini kila alipotaka kushuka kitandani aliambiwa alale, ataanguka. Chakula kilikuja ugali na kabeji, kimepoa, kwa sahani iliyowekwa mbali na mkono. Baada ya nusu saa mtu anakuja kuchukua sahani, hajaguswa, hajaulizwa. Aliingia akitembea. Akatoka kifua kiko safi na miguu imekwisha.

Nilidhani ni nimonia ilikula miguu. Kumbe ni kitanda. Mwaka 2007 watafiti Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani watu wazima wenye afya njema, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Hawakuwa wagonjwa. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Siku 10! Kijana akilala siku 10 anapoteza kidogo na anarudisha haraka. Mzee ni kama mtu anayetoa pesa benki ambayo imeacha kupokea: kila anachotoa kimeenda, na kurudisha ni kazi ya miezi.

Na hata kabla ya kitanda, kumbuka zile robo za nyama. Misuli huanza kupungua polepole kuanzia miaka ya 40, na baada ya 70 inakimbia. Mwaka 1989 daktari Mmarekani, Irwin Rosenberg, aliona jambo hili linaumiza wazee wengi kuliko mengine na halina hata jina, kwa hiyo madaktari hawalioni. Akalipa jina la Kigiriki, sarkopenia. *Sarx* ni nyama, *penia* ni upungufu. Upungufu wa nyama! Niliposoma hivyo nilikuwa nimesimama Burma, kwa foleni, na ng'ombe mzima akipita mgongoni mwa jamaa wa koti jeupe. Kiswahili chetu kilishajua kwamba nyama ya bucha na nyama ya paja lako ni neno moja.

Ile ya kukosa hamu nayo ina jina lake na mtu wake. John Morley, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kufanya kazi Marekani, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kuna kukosa hamu kunakokuja na umri, na akaanza kukifungua kama fundi anayefungua injini. Ulimi na pua hupoteza makali, chakula kinakuwa karatasi. Tumbo halitanuki vizuri kama zamani, kwa hivyo vijiko 6 na mtu ameshiba kikweli, hajifanyi. Homoni za kusema nimeshiba zinabaki damuni muda mrefu zaidi. Halafu juu ya hayo, ambayo ni ya umri, zinakuja sababu ambazo si za umri kabisa: meno, upweke, huzuni, dawa, kifua kikuu, saratani. Hizo ndizo neno "uzee" hufunika kama blanketi.

(Kuna Morley mwingine, David, hawana uhusiano ninaoujua. Huyo alikuwa daktari wa watoto Nigeria na ndiye aliyetengeneza ile kadi ya kliniki yenye mistari ya uzito wa mtoto. Kila mama wa Eastlands ameishika. Mtoto akipoteza kilo 1 muuguzi anashtuka, kadi inapigwa alama, mama anaulizwa maswali. Shosh alipoteza kilo 8 na hakukuwa na kadi ya kuandika. Ukutani pale kliniki kulikuwa na picha za kwashakoo, za mtoto na yai. Picha ya mzee na yai haikuwa.)

Aliyebadilisha mambo alikuwa muuguzi kijana, pengine rika langu, kwenye zahanati ndogo. Hakuanza na presha. Alimwambia Shosh asimame kutoka kwa kiti mara 5 bila kushika popote. Shosh akasimama mara 2, ya tatu akashika meza, akaangalia dirishani kama mtu aliyeaibishwa. Halafu muuguzi akatoa droo, akatoa kidude. Nikakitambua. "Bana kwa nguvu zako zote, Shosho."

Dainamomita. Ile ile ya Orr na Gilks, ya plastiki sasa, na namba badala ya sindano. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unasema mwanamke akishindwa kufikia kilo 16, mwanamume 27, shuku upungufu wa misuli. Shosh, ambaye mikono yake ilikuwa inafua blanketi za watu saba na kukamua hadi maji yaishe, alibana 11.

Karibu miaka 100 baadaye, kifaa kilichokuja Kenya kupima nguvu za wanaume kimefika kwenye mkono wa mwanamke wa miaka 79. Nilitaka kumwambia muuguzi hilo jambo, lakini alikuwa anaandika.

Alituonyesha pia kitu hakihitaji mashine. Unaunganisha vidole gumba na vya shahada vya mikono yako miwili, unatengeneza pete, unazungusha pale shavu la mguu lilipo nene zaidi. Ikishindwa kufunga, vizuri. Ikifunga na kubaki nafasi, hatari. Ni kipimo cha Kijapani, watafiti wa huko walikifanyia kazi kwa wazee wa mji wa Kashiwa. Nilizungusha mguu wa Shosh. Pete ilifunga, na kidole kingine kingeingia. Babake alienda hadi Burma kupigana na Wajapani, na sasa nilikuwa nimepiga magoti nikipima mguu wa bintiye kwa hesabu yao. Nilipomwambia Shosh alicheka kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi, akasema, "Wajapani hawajaachana na sisi."

Maswali ya muuguzi yalikuwa madogo madogo. Unakula na nani? Hapo ndipo tulijua kwamba jirani yake, Mama wa mlango wa pili, waliyekula pamoja chakula cha mchana tangu sijazaliwa, alipokufa mwezi wa 3 Shosh aliacha mlo wa mchana kimya kimya. Meno? Mawili yalikuwa yanalegea na alikuwa anaona aibu kutafuna mbele yetu. Chakula kina ladha gani? Ya sarafu, akasema, ya shilingi mdomoni. Muuguzi akaomba kuona dawa zake. Moja ya sukari inajulikana kuleta ladha hiyo kwa watu wengine na kuondoa hamu. Alitutuma kwa daktari, ambaye aliibadilisha (usimwachishe mtu wako dawa peke yako, tafadhali, nilikaribia kufanya hivyo na ningemuua). Akapimwa kifua kikuu. Hakuwa nacho. Mambo manne ambayo tulikuwa tumeyaita uzee.

Halafu akasema kitu kilichoniuma: acheni kumjaza supu.

Sisi na supu! Tulikuwa tunachemsha mifupa ya Burma masaa 4, tunampa kikombe kikubwa, tunajipongeza. Kumbe protini nyingi inabaki kwenye nyama, na ile nyama ya supu tulikuwa tunakula sisi wenye meno. Yeye tunampa maji moto yenye harufu, tumbo dogo linajaa, anasema ameshiba, na anasema kweli. Wataalamu wanapendekeza mzee ale gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zaidi ya kijana, kwa sababu misuli yake imekuwa kiziwi kidogo na inahitaji kuitwa kwa sauti. (Wenye figo mbovu wana hesabu yao, waulize daktari.) Kwa Shosh wa kilo 47 hiyo ni kama gramu 50. Yai moja lina 6. Gramu 100 za nyama iliyopikwa zina karibu 26. Kikombe cha maharagwe kama 15. Haihitaji utajiri wa ajabu, lakini piga hesabu na bei za leo halafu weka kando ya Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi ambayo serikali ilianza kuwalipa waliofika 70 mwaka 2018, ikija. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawaahidi wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali. Sisi familia tulikuwa tunatunza, kwa kweli. Tulikuwa tunatunza kwa supu.

Na mazoezi. Hii sikuamini hadi niliposoma. Mwaka 1990 huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake walichukua wazee 10 wa nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96, wakawapa vyuma vya kuinua kwa miguu kwa wiki 8. Mmoja aliacha njiani. Waliobaki, nguvu za mguu zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka 90! Kwetu mzee akitaka kushika ndoo tunamnyang'anya, tunaita hiyo adabu.

Niliacha chuo mwaka wa 2 kwa sababu ya karo, na kwa muda mrefu hiyo imekuwa hadithi ninayoificha kwenye mikutano ya familia. Ilinipa asubuhi. Kila asubuhi, saa nne, Shosh anasimama na kuketi mara 10 kwenye kile kiti cha mbao, mimi nahesabu, yeye ananitusi kwa Kikuyu. Mwezi wa kwanza alishika meza. Mwezi wa tatu aliacha meza. Pakiti mbili za unga, kilo 2 kila moja, ndizo vyuma vyetu. Mchana anakula na binti wa marehemu jirani, ambaye naye alikuwa anakula peke yake. Hajarudi kuwa vile alikuwa, sitakudanganya. Kilo 3 zimerudi kati ya zile 8. Mkono unabana 14. Kuna siku anasukuma sahani na hakuna maneno yatamrudisha.

Jumamosi iliyopita alitaka kwenda mwenyewe. Ngazi 22 tulizishuka kwa dakika 6. Njiani tulipumzika mara 3, mara moja kwa base ya wauza viatu ambao walimpa kiti bila kuulizwa. Burma ilikuwa imejaa, kulikuwa na mechi City Stadium na vijana wa kijani walikuwa tayari wanaimba.

Mwenye bucha alimwona, akaweka kisu chini, akaja mbele ya kaunta kumsalimia kwa mikono miwili.

"Shosho! Nusu?"

"Robo," Shosh akasema. "Ya kusaga. Na usinisagie mafuta, naona."

Akasaga. Akaweka kwa mizani, sindano ikapita robo kidogo, akaiacha hapo hapo. Shosh akaangalia mizani, akaangalia jamaa, akagonga kaunta kwa kidole.

"Na mfupa wangu?"

"Shosho, si walikukataza supu?"

"Ni wa hawa," akasema, akinionyesha mimi. "Wao ndio wanapenda maji."